Njia ya Nyuma ya Igulya

Machibya alianza kumtilia shaka Sylvester siku waliyofika juu ya mlima Igulya kwa mara ya kwanza, kwa sababu Sylvester hakutazama mbali.

Walikuwa wamesukuma baiskeli tangu chini, mawe yakiteleza chini ya viatu, na pale juu upepo ulikuwa unapiga vizuri na nchi yote imelala wazi: mashamba ya pamba ya Nkoma, mabati ya Zagayu yakimetameta, na vumbi la lori moja likitambaa barabarani polepole. Mtu yeyote aliyetoa jasho lile lote angesimama akashika kiuno, akatazama. Sylvester aliilaza baiskeli yake, akaenda kwenye kila kijia kinachoshuka upande wa pili, akainama, akachungulia vumbi kama mtu aliyeangusha sindano.

"Unatafuta nini?" Machibya alimuuliza.

"Naangalia njia kama inapitika," Sylvester alijibu, na hilo lilikuwa jibu la kawaida kabisa kwa mtu wa baiskeli, ila lilitoka haraka mno.

Machibya alikuwa fundi cherehani mjini Bariadi, anashona sare za shule na vitenge vya harusi. Kazi yake ilimfunga kitini kutwa, hata daktari akamwambia presha yake inapanda na asipoutumia mwili wake utamtumia yeye. Akanunua baiskeli ya mtumba iliyotoka Mwanza, ya gia nyingi na matairi mapana yenye meno. Mwanzoni alizunguka mjini tu. Baadaye akaanza kufuata njia za ng'ombe, akagundua kwamba kila kilima anachokiona tangu utoto kina njia yake ya nyuma ambayo hajawahi kuijua. Alizipenda njia hizo kuliko alivyotarajia. Alipenda ile sehemu ambapo mguu umekwisha nguvu na tairi la mbele linatafuta pa kukanyaga kati ya mawe mawili, na hakuna nafasi kichwani ya kuwaza jambo lingine.

Sylvester alikuja dukani kushona ovaroli. Alikuwa fundi umeme, mrefu, mpole, mgeni kiasi pale mjini. Aliitazama ile baiskeli iliyoegemea ukutani, akauliza maswali mengi, na wiki iliyofuata naye akawa na ya kwake. Tangu hapo wakawa wanatoka pamoja Jumamosi. Njia alichagua Sylvester, na Machibya hakujali, maana mwenzake alikuwa na kipaji cha kujua panapopitika.

Baada ya ile siku ya Igulya ndipo akaanza kuyapanga mambo moja baada ya jingine. Sylvester aliuliza wachungaji kama wamewaona wageni wakipita, huku yeye mwenyewe akiwa mgeni. Alizima simu kila walipokaribia vilima. Aliwahi kusema ana shangazi Zagayu, lakini walipopita Zagayu hakutaka hata kupunguza mwendo. Na mara zote njia zake zilikuwa zile za pembeni, zinazokwepa vijiji na kupita nyuma ya mazizi.

Machibya alimweleza mkewe, Precious. Precious alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Mimi sijui mambo ya baiskeli," alisema. "Ila huyo mtu hajawahi kukuambia kwao ni wapi. Umekaa naye miezi yote hiyo mnapanda milima. Muulize."

Machibya alisema atamuuliza. Hakumuuliza.

Jumamosi ya mkasa wenyewe walitoka alfajiri, ubaridi wa kiangazi bado upo, wakapita mashamba ambayo pamba ilishavunwa na miti yake imebaki mikavu. Sylvester alitangulia, hakusema mengi. Walipoiacha barabara ya Nkoma njia ikaanza kupanda, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali. Machibya aliweka gia nyepesi kabisa, akawa anazungusha pedali huku kifua kikitaka kupasuka. Miiba ilikuwa imetapakaa kila mahali. Walipata pancha, wakaziba, wakaendelea. Palipokuwa pabaya zaidi walizibeba baiskeli begani, wakapanda kama watu wanaobeba majeneza.

Kati ya vilele viwili vya Igulya pana bonde dogo lenye mawe makubwa yaliyobebana, hakuna majani wala maji. Hapo ndipo Machibya alipoona kinyesi cha ng'ombe, kibichi, bado kinang'aa. Kando yake kwato, nyingi, zimeelekea juu kwenye mawe badala ya kushuka malishoni. Na kati ya kwato hizo, alama za makatambuga, vile viatu vya matairi.

"Nani analeta ng'ombe huku?" Machibya alisema.

Sylvester alikwishashuka. Alichuchumaa, akautazama ule mguu uliochapwa vumbini kwa muda mrefu. Ulikuwa na hitilafu ndogo: kisigino cha katambuga la kushoto kililiwa upande mmoja, kama la mtu anayeburuza mguu. Kisha Sylvester akasimama, na Machibya akamwona kwa macho yake mawili akipitisha soli ya kiatu juu ya ile alama, taratibu, mpaka ikafutika.

"Twende," alisema. "Jua linapanda."

Machibya alishika usukani, lakini kabla hajapanda aliinua macho kwenye mawe. Kitu chekundu kama koti kilijitokeza juu ya jiwe moja, kikazama.

"Kuna mtu kule."

"Nyani," Sylvester alisema bila kugeuka.

Machibya hakubishana. Nyani havai koti. Alimfuata mwenzake kushuka upande wa pili, breki zikilia.

Chini kulikuwa na kitongoji kinachoitwa Mwabasiga, nyumba zilizoachana na mazizi ya miiba. Hawajaifikia nyumba ya kwanza walisikia filimbi. Ikajibiwa na nyingine, na nyingine upande wa mtoni, kisha ule ukelele wa mwano ambao kila Msukuma akiusikia anajua kuna balaa na watu wote wanatakiwa kutoka. Watu wakatoka. Walikuja kutoka kila upande na fimbo, wengine na pinde, hawakimbii, wanatembea tu, na duara likafungwa.

Walikuwa sungusungu wa pale, walinzi wa jadi. Aliyewaongoza aliitwa Yakobo, mtu mzima mwenye ndevu chache na sauti ya chini, wenzake wakimwita Kamanda. Hakuwapiga wala hakuwatukana. Aliwaambia wakae chini, wakakaa. Baiskeli zikachukuliwa na kuegemezwa kwenye zizi lililokuwa wazi na tupu.

Ndipo wakaelezwa. Kabla ya kupambazuka ng'ombe wote wa mama mmoja mjane, Nyanjige, walikuwa wametolewa zizini. Miiba ya mlango iliondolewa kwa utaratibu, mbwa hakubweka. Njia ya barabarani ilifuatwa mpaka mbali, hakuna kitu. Na sasa, Kamanda alisema, wanaume wawili wasiojulikana wanashuka kutoka mlimani, mahali ambapo hakuna mtu anayepita, wakiwa na kofia ngumu kichwani.

"Mlifuata nini huko juu?"

Machibya alisema wanafanya mazoezi. Alisema daktari alimshauri. Watu wakatazamana. Mmoja akauliza kama Bariadi hakuna barabara. Yakobo hakucheka. Alisema mwezi uliopita watoto waliochunga waliona baiskeli mbili zikipita nyuma ya mazizi, na mwezi ule mwingine pia.

"Mtu anaendesha baiskeli mlimani mara tatu," alisema, "hauzi kitu, hanunui kitu, hasalimii mtu. Wewe ungekuwa mimi ungefikiria nini?"

Hilo hilo ndilo swali ambalo Machibya alikuwa analizungusha kichwani mwake kwa wiki nyingi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa analiuliza juu ya mtu mmoja tu.

Wakazitaka simu. Ya Sylvester ilikuwa imezimwa. Ya Machibya ilikuwa na ile ramani inayochora kila njia unayopita, naye siku zote alikuwa akijivunia mistari yake ya buluu. Kijana mmoja aliyejua mambo ya simu aliikuza kwa vidole, akamwonyesha Kamanda. Hapa ni mlima. Hapa ni mto. Huu mstari unapita nyuma ya kwa Mabula. Huu unapita nyuma ya kwa Nyanjige. Kelele zikaanza, na mtu mmoja akaenda kuleta kamba.

Yakobo akanyamazisha watu. Akamchukua Machibya pembeni, akamuuliza polepole kama kuna chochote walichokiona njiani, na akamwambia afikiri vizuri kwa sababu swali hilo hilo atamuuliza na mwenzake.

Machibya aliwaza juu ya Precious. Aliwaza juu ya kamba. Akasema wameona kinyesi cha ng'ombe na kwato, kati ya vile vilele viwili, zinapanda kwenye mawe. Kuhusu ule mguu uliofutwa hakusema. Kuhusu koti jekundu hakusema. Hakujua anamficha nani, wala kwa nini.

Kisha akaitwa Sylvester, na Sylvester akasema hawakuona kitu.

"Mwenzako ameona," Kamanda alisema.

Sylvester alimgeukia Machibya, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kubeba. Akaomba aruhusiwe kusema.

Alisema ni kweli wameona. Alisema anafikiri anapajua walipo, kuna shimo kama chumba katikati ya mawe yale, lina mlango mmoja wa chini na upenyo mmoja wa juu. Wakienda watu wengi na filimbi, aliyeko huko atawasukuma ng'ombe kwenye upenyo wa juu, washuke upande wa Lalago, na wengine watavunjika miguu. Lakini kuna njia ya nyuma inayozunguka mlima, baiskeli inapita. Aende yeye peke yake. Atawaleta.

Watu walipinga kwa pamoja. Yakobo aliuliza anapajuaje mahali hapo. Sylvester alisema amezunguka sana huku. Jibu hilo lilizidisha ubaya.

Aliyemaliza ubishi alikuwa Nyanjige. Alikuwa amesimama muda wote kwenye mlango wa zizi lake tupu, mama mfupi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, rozari shingoni na hirizi ndogo ya ngozi chini yake.

"Ng'ombe ni zangu," alisema. "Zikivunjika miguu zitavunjika za kwangu. Huyu aende. Yule mwingine abaki."

Yule mwingine alikuwa Machibya.

Sylvester aliichukua baiskeli yake, akavaa kofia, akaibana vizuri kamba ya kidevuni. Alipompita Machibya alisema, "Nitarudi," kwa sauti ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote anayeaga. Akazunguka nyuma ya mazizi, akanyonga pedali kwa nguvu, na mlio wa mnyororo ukapotea kwenye vichaka.

Machibya aliachwa kwenye kivuli cha ghala la mahindi, walinzi wawili wamekaa karibu naye. Jua lilipanda. Mwanzoni alikuwa anapima kichwani: sasa amefika mtoni, sasa anaanza kupanda, sasa anaibeba begani. Baadaye akaacha kupima, kwa sababu kila alipomfikisha Sylvester kwenye yale mawe alimwona akisalimiana na mwenye koti jekundu, wakicheka, wakiwatoa ng'ombe kwa upenyo wa juu.

Ilikuwa rahisi sana kuamini. Mtu anakuja mjini hakuna anayemjua. Anatafuta mtu wa kuongozana naye, fundi cherehani anayeheshimika, mzee wa kanisa, ili akionekana nyuma ya mazizi aonekane ni mwanamichezo. Anapima njia zote mpaka anajua ipi inapitisha kundi bila kuonekana. Siku ya kazi anamleta huyo fundi moja kwa moja mikononi mwa sungusungu, yeye anapanda baiskeli yake, anaondoka. Machibya aliutazama mlima, na kadiri alivyoutazama ndivyo habari hiyo ilivyozidi kukaa sawa, haina hata uzi unaoning'inia.

Nyanjige alimletea matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, kwenye bakuli na maziwa mgando. Machibya alimshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," naye mama akaketi kwenye kigoda.

"Yule ni ndugu yako?"

"Ni rafiki yangu."

"Kwao ni wapi?"

Machibya alitafuna kiazi kile muda mrefu. "Sijui, mayu."

"Wazazi wake unawajua?"

"Hapana."

"Lakini ni rafiki yako," Nyanjige alisema, si kwa kejeli. Alikuwa anataka kuelewa. Baada ya muda akaanza kumsimulia juu ya ng'ombe wake: mmoja alikuwa wa mahari ya binti yake Minza, na maksai wawili walikuwa wa kulimia, alioachiwa na marehemu mumewe. Alizungumza kama mtu anayezungumzia wagonjwa waliolazwa. Machibya alitaka kumwambia juu ya ule mguu vumbini, na koti, na soli ya kiatu cha Sylvester. Maziwa ya mama huyu yalikuwa mdomoni mwake. Alinyamaza, akaona aibu, akaendelea kunyamaza.

Jua lilipopita utosini Yakobo alikuja akasimama mbele yake. Alisema ng'ombe wa wenzake wakienda mtoni kunywa maji kama yule mtu hajarudi, nzengo yote, kitongoji kizima, itapanda mlima, na Machibya atatangulia mbele akiwa amefungwa mikono, awaonyeshe. Alisema hivyo bila ukali. Machibya alijibu amesikia.

Mifugo ya kwanza ilikuwa imekwisha kuteremka mtoni, na kamba ilikwisha kuletwa, wakati mwanamke mmoja aliyekuwa anateka maji aliponyoosha mkono.

Walikuja kwa mstari kutoka kwenye vichaka, wamechoka, ulimi nje, maksai mbele. Nyuma yao Sylvester, kwa miguu, ameshika tawi. Mdomo wake ulikuwa umepasuka na shati limechanika bega zima. Kofia hana. Baiskeli hana.

Watu walikimbilia ng'ombe. Nyanjige hakukimbia, alisimama pale pale mpaka wakamfikia, akawashika mmoja mmoja pembe na shingo, akiwasemesha Kisukuma kwa sauti ya chini. Walikuwepo wote. Mtamba mmoja alikuwa anachechemea.

Yakobo alimkabili Sylvester. Mwizi yuko wapi? Sylvester alisema alimkuta mtu mmoja, wakapigana, akamponyoka. Baiskeli iko wapi? Alisema ilidondoka genge la upande wa pili, mnyororo ulikatika, ameiacha huko. Mtu huyo anafananaje? Sylvester alisema jua lilikuwa machoni.

Hakuna aliyemwamini. Machibya aliona jinsi kutoamini kule kulivyopita uso kwa uso kama kibuyu kinachopokezanwa. Vijana wawili walisogea. Yakobo alikuwa anamtazama Nyanjige.

Nyanjige alimsogelea Sylvester, karibu kabisa, akamwangalia ule mdomo uliopasuka, akayaangalia macho. Aliyoyasema aliyasema polepole, na zaidi ya Sylvester ni Machibya tu aliyeyasikia, kwa kuwa alikuwa amesimama nyuma yao.

"Mtu hamfichi aliyempasua mdomo ila awe wake. Mwambie asirudi huku," alisema. "Kwa ajili yako nimenyamaza leo. Sitanyamaza tena."

Kisha akamgeukia Kamanda, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba ng'ombe wamerudi nyumbani na yeye hana madai na wageni hawa.

Yakobo hakuridhika, ilionekana. Lakini alichukua majina yao, akapiga simu kwa mwenyekiti wa mtaa wa Machibya huko Bariadi, akamsikiliza, akairudisha simu mfukoni. Aliwaambia mlima si wa mtu mmoja, yeyote anaweza kupita. Ila anayetaka kupita aje kwanza huku chini kwa njia ya wazi, asalimie, aseme jina lake. Wakapewa baiskeli iliyobaki, wakaenda.

Walitembea, Machibya akiisukuma baiskeli, Sylvester upande wa pili. Walifuata barabara kubwa. Walikwenda mpaka Mwabasiga ikapotea nyuma ya mtama.

"Ni nani yule?" Machibya alisema.

"Ni Salu. Mdogo wangu, tumbo moja."

Baada ya hapo Sylvester alieleza bila kuulizwa. Salu aliondoka nyumbani baada ya kugombana na baba yao, na mtu mmoja akamwambia Sylvester mnadani kwamba amemwona vilimani na watu wanaoiba ng'ombe. Alimtafuta kwa pikipiki akashindwa, kwa sababu pikipiki inasikika kutoka mbali na anayejificha anaondoka kabla hujafika. Baiskeli haina mlio. Ule mguu wenye kisigino kilicholiwa aliujua mara moja, maana Salu alivunjika goti alipokuwa mdogo. Pale kwenye mawe alimkuta peke yake na kundi, wenzake wamekwenda kutafuta mnunuzi. Salu alimpiga kwanza, kisha akakaa chini akalia. Wenzake wangerudi, na sungusungu nao wangekuja. Kwa goti lile asingefika mbali kwa miguu.

"Nikampa baiskeli," Sylvester alisema. "Nimemwambia aende kwa shangazi, Lalago. Wazazi wetu na yeye wote wako Lalago. Lile la Zagayu nilikudanganya."

Machibya alitembea kidogo. Kulikuwa na maswali mawili, na la kwanza lilimuuma zaidi ingawa lilikuwa dogo.

"Na mimi ulinichukua wa nini?"

Sylvester alijifuta damu mdomoni. "Mtu mmoja akizunguka peke yake vilimani wanamshuku. Wakiwa wawili, na kofia, ni mazoezi." Akaongeza kwamba mwanzoni ilikuwa hivyo tu, baadaye haikuwa hivyo tu. Machibya aliisikia hiyo nyongeza, akaiweka kando, hakujua kama ataihitaji.

"Ulijua wangeiba usiku wa kuamkia leo?"

Walikuwa wanavuka daraja dogo. "Nilijua wako mlimani," Sylvester alisema. "Wiki iliyopita niliona majivu ya moto wao. Sikujua ni zizi la nani."

"Lakini ulijua ni zizi la mtu."

Walipofika Nkoma Sylvester alisimamisha bodaboda, akaomba radhi, akapanda. Machibya alipanda baiskeli yake akaenda nyumbani polepole, na mwili wote ukamuuma kama mtu aliyepigwa, ingawa hakuna aliyemgusa.

Alimweleza Precious kila kitu, pamoja na yale aliyoyanyamazia mbele ya Kamanda. Precious alisikiliza hadi mwisho. Alisema anamhurumia yule kijana, na anamhurumia Sylvester. "Lakini yule mama alikunywesha maziwa," akaongeza, "wakati wewe umekaa na habari ya mwizi wake mdomoni." Machibya alisema anajua.

Katikati ya wiki Sylvester alikuja dukani. Alisimama mlangoni, kidonda cha mdomo kimeanza kukauka. Alisema Salu amepiga simu, amefika Lalago, anamchungia shangazi mbuzi. Baiskeli ameiuza. Alipolisema hilo alicheka kidogo, kicheko kibaya, akatazama chini.

Machibya alikuwa ameshika kola ya shati la shule chini ya sindano. Hakujua kama Salu kweli yuko Lalago. Hakujua kama kuna shangazi. Aliona kwamba hatajua tena kwa namna aliyokuwa akijua zamani, kwamba kila neno la mtu huyu atalazimika kuligeuza kwanza aone upande wa ndani.

"Jumamosi nakwenda Mwabasiga," alisema. "Kwa barabara. Nakwenda kuwaambia Nyanjige na Kamanda nilichokiona, chote. Nakuambia mapema ili ujue. Ukitaka kusema ya kwako mwenyewe, njoo. Usipokuja nitasema ya kwangu tu."

Sylvester alishika fremu ya mlango. "Watamfuata."

"Labda. Yule mama hakutaka wamfuate. Lakini Kamanda ana watu na mazizi ya kulinda, na wale wengine bado wako mlimani. Wewe unawajua sura zao?"

Sylvester aliiachia fremu. "Wawili nawajua," alisema. Kisha akaondoka, bila kuaga, bila kusema atakuja au hatakuja.

Jumamosi Machibya alisimama kwenye makutano ya barabara ya Nkoma, mguu mmoja chini. Alikuwa amefunga nyuma kifurushi cha sukari na kitenge kwa ajili ya Nyanjige. Lori lilipita, bodaboda zikapita, wanawake wenye mabeseni ya samaki wakapita. Alingoja muda mrefu kuliko alivyokusudia. Alijiambia kwamba Sylvester ameshaondoka mjini, na kwamba hata ile ovaroli alimshonea mtu asiye na jina. Akaweka mguu kwenye pedali.

Sylvester alitokea upande wa soko, kwenye baiskeli nyeusi ya kuazima yenye keria ndefu ya kubebea mizigo, magoti yakimgonga usukani. Hakusema samahani kwa kuchelewa. Alisema tairi la nyuma halina upepo wa kutosha.

Machibya alishuka, akachomoa pampu yake, akampa. Alisimama akimtazama akijaza upepo, mgongo wake umeinama, shati limelowa jasho asubuhi yote hiyo. Walipomaliza wakashika barabara, sambamba, wakielekea Mwabasiga.